Kidhibiti kilifaulu majaribio ya sumakuumeme ndani ya kasha la alumini, lakini kinashindwa ndani ya kasha la plastiki

Msanifu_Saketi (mwanzilishi wa mada)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninaleta jambo ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa, na nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lililoachwa nusunusu huzaa majibu ya kubahatisha.

Tunatengeneza kidhibiti cha pampu. Toleo la kwanza lilikuwa ndani ya kasha la alumini na lilipita majaribio yote ya utangamano wa sumakuumeme, yaani kwamba kifaa hakisumbui vingine kwa mawimbi yake wala hakisumbuliwi navyo, bila kutusumbua. Toleo la pili limeongezewa moduli ya redio ya gigahezi 2.4, na kwa kuwa antena iliyofungiwa ndani ya chuma haiwezi kusikika nje, tulihamia kasha la polikaboneti lenye vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu nne. Ukiondoa moduli hiyo, bodi ya saketi ni ileile ya tabaka nne, yenye ukubwa wa milimita 100 kwa 160, na kichakataji chake kinaendeshwa na saa (mapigo ya umeme yanayopanga kazi zake) ya megahezi 25. Kebo ni tatu: ya umeme wa volti 24, ya mawasiliano ya RS-485, na ya kihisi cha shinikizo, na kila moja hutokea upande wake wa kasha.

Matokeo ya maabara yalikuwa mabaya kwa namna tatu. Kwanza, mawimbi yanayotoka kwenye kifaa yalivuka kikomo cha daraja B, lile la vifaa vya nyumbani, yaani desibeli 30 za mikrovolti kwa mita katika umbali wa mita 10, kwa desibeli 9 kwenye megahezi 125 na kwa desibeli 4 kwenye megahezi 175. Pili, cheche ya umeme tuli ya kilovolti 8 ikipigwa karibu na mshono wa kasha, kichakataji hujizima na kujiwasha upya. Tatu, kifaa kikiwekwa ndani ya uwanja wa volti 10 kwa mita, usomaji wa shinikizo huhama kwenye masafa ya kati ya megahezi 140 na 190, kisha hurudi mahali pake uwanja unapoondolewa.

Nilipaka rangi yenye unga wa nikeli ndani ya vipande vyote viwili, nikiacha dirisha la antena. Kwenye megahezi 125 nilipata nafuu ya desibeli 2 tu, na kwenye megahezi 175 hali ilizidi kuwa mbaya kwa desibeli 3. Je, rangi ni nyembamba mno, au nimelielewa tatizo kinyume tangu mwanzo?

Mpimaji_Mawimbi

Ndugu Msanifu, nakushukuru kwa kuweka takwimu mezani, maana zinajibu nusu ya swali lako. Masafa ya megahezi 125 na 175 ni hamoniki ya tano na ya saba ya saa yako ya megahezi 25, yaani mara tano na mara saba ya masafa yake, kwa hiyo chanzo tunakijua. Kinachobaki kujulikana ni antena, na nakuhakikishia kwamba bodi yenyewe si antena nzuri kwenye masafa hayo. Urefu wa wimbi la megahezi 125 ni mita 2.4, na bodi ya sentimita 16 ni fupi mno mbele yake. Kitu pekee katika kifaa chako chenye urefu unaoendana na wimbi hilo ni kebo.

Watu wengi hudhani kwamba kasha la alumini lilifanya kazi kwa kuyafungia mawimbi ndani kama maji kwenye mtungi. Lilifanya hivyo kwa kiasi, lakini kazi yake kubwa, hasa chini ya megahezi 300, ilikuwa nyingine kabisa: liliunganisha mashina ya kebo zote tatu kwa kipande kimoja kipana cha chuma, hivyo mkondo wa kelele, yaani umeme wa masafa ya juu usiotakiwa, uliotaka kutoka kupitia kebo moja ulipata njia fupi ya kurudi kwenye bodi kabla haujatoka. Ulipoliondoa kasha, uliondoa njia hiyo, na sasa kebo ya volti 24 ikiwa upande mmoja na ya RS-485 upande wa pili, bodi yako imekuwa kama jenereta ndogo iliyokaa katikati ya antena yenye mikono miwili. Volti ndogo sana inayojitokeza kati ya ncha moja ya tabaka la ardhi la bodi (shaba ambayo mikondo yote ya saketi hurudi kupitia kwake) na ncha nyingine inatosha kuiendesha antena hiyo.

Mkondo ninaouzungumzia ni ule wa pamoja, yaani unaotembea kuelekea upande mmoja kwenye nyaya zote za kebo kwa wakati mmoja, badala ya kwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ili uone jinsi unavyohitajika kidogo tu: kwa kebo fupi, nguvu ya uwanja ni takriban 1.26 × 10⁻⁶ mara masafa kwa hezi, mara urefu wa kebo kwa mita, mara mkondo kwa ampea, ukigawanya kwa umbali kwa mita. Weka megahezi 50, kebo ya mita 1, mkondo wa mikroampea 5 na umbali wa mita 3, utapata kama mikrovolti 105 kwa mita, ambayo tayari ni juu kidogo ya kikomo cha mikrovolti 100 kinachotumika kwa vifaa vya nyumbani katika umbali huo. Mikroampea 5 ni mkondo ambao hakuna mtu anayeufikiria anapochora saketi.

Hiyo ndiyo sababu rangi haikukusaidia. Kebo zinapita kwenye matundu ya kasha zikiwa zimebeba mkondo huo, na hakuna rangi inayoweza kukinga kitu ambacho tayari kiko nje. Ama kuhusu megahezi 175 kupanda, nina shaka kwamba rangi yako haijaungwa na ardhi ya bodi mahali popote. Kama ni hivyo, umeweka makondakta mawili makubwa yanayoelea karibu na bodi na kebo, nayo yanapokea kelele na kuzigawa upya kwa namna usiyoweza kutabiri.

Kabla ya kutumia fedha zaidi, fanya vipimo viwili. Ondoa kebo moja baada ya nyingine, ile ya umeme ukiibadilisha kwa betri ndogo iliyokaa juu ya kasha, na uone mawimbi yanashuka kwa kiasi gani kila mara. Kisha zungushia kila kebo kipimamkondo cha masafa ya juu, kile kinachofunguka kama kibanio, na usome kwa kichanganuzi cha spektra, kifaa kinachoonyesha nguvu ya kila masafa. Ikiwa kipimo chako kinatoa volti 1 kwa kila ampea 1, basi mikroampea 5 zitaonekana kama mikrovolti 5, sawa na desibeli 14 za mikrovolti. Jambo zuri la kipimo hiki ni kwamba unaweza kukifanya juu ya meza yako mwenyewe, bila chumba cha maabara, na kitakueleza karibu yote ambayo chumba kingekueleza chini ya megahezi 200.

Nikeli_na_Shaba

Nimefanya kazi ya kupaka na kufunika plastiki kwa metali kwa muda mrefu, na simpingi Mpimaji katika suala la kebo, ila naomba tusiihukumu rangi kwa kosa la namna ilivyotumika.

Ukinzani wa uso wa rangi ya nikeli iliyopakwa vizuri, kwa unene wa mikroni 50 hivi, unaweza kuwa karibu omu 1 kwa kila mraba. Kwa wimbi lililo mbali na chanzo, kinga ya tabaka jembamba inakadiriwa kwa kugawanya omu 377, ambazo ni ukinzani wa wimbi angani, kwa mara mbili ya ukinzani wa uso. Kwa omu 1 utapata uwiano wa karibu 188, yaani desibeli 45. Shaba iliyowekwa kwa kemikali, au alumini iliyopulizwa ndani ya ombwe, inaweza kufika omu 0.1 na kupanda hadi desibeli 65. Kwa hiyo swali lako la unene lina jibu fupi: hapana, unene si tatizo. Tabaka hizi hazifanyi kazi kwa kulimeza wimbi, bali kwa kulirudisha. Hata shaba huhitaji karibu mikroni 7 ili wimbi la megahezi 100 lipungue ndani yake hadi theluthi moja hivi, ilhali tabaka la kemikali huwa na mikroni moja au mbili tu na bado hukinga vizuri. Zitakuangusha pale tu unapotaka kukinga uwanja wa sumaku wa masafa ya chini, kama ule wa transfoma ya kigeuzi cha umeme kwenye kilohezi 100, lakini wewe huna shida hiyo.

Desibeli 45 hizo hupotelea kwenye mshono. Umesema vipande viwili vinafungwa kwa skrubu nne. Ikiwa kingo zake hazikupakwa rangi, au zimepakwa lakini zinagusana kwenye skrubu peke yake, umeacha nyufa ndefu. Chukua ufa wa milimita 120: kwenye megahezi 125 nusu ya urefu wa wimbi ni milimita 1,200, uwiano ni 10, na kinga inabaki desibeli 20. Kwenye gigahezi 1.25 ufa huohuo unakuwa nusu wimbi kamili, na hapo kasha lako ni wazi kama dirisha. Ukitaka kasha lililopakwa likufae, tengeneza mdomo na mfereji unaoingiliana, upake zote mbili, na uweke mahali pa kugusana kila baada ya milimita 20 au 30. Kisha funga tabaka hilo kwenye ardhi ya bodi palepale kebo zinapoingia, si kwenye kona iliyo mbali. Bila hilo la mwisho, mengine yote ni mapambo.

Nina angalizo moja kwa wengine watakaosoma mada hii. Msanifu ana volti 24, lakini mwenye umeme wa njia kuu ndani ya kasha asipake rangi ya metali kabla ya kupima upya umbali wa usalama kati ya sehemu zenye umeme na tabaka hilo. Rangi isiyoshika vizuri hubanduka, na ganda la nikeli lililoangukia kwenye vituo vya umeme ni hatari kubwa kuliko kushindwa jaribio.

Mlinda_Pini

Wenzangu wameshughulikia mawimbi yanayotoka. Mimi nitajibu matatizo mawili yaliyobaki, kwa sababu naona yanataka kumezwa na la kwanza.

Kuhusu cheche: plastiki yenyewe ni kihami kizuri, na polikaboneti ya milimita 2 haitobolewi na kilovolti 15, ambacho ndicho kiwango cha nne cha jaribio la cheche ya hewani (inayoruka kabla ya kugusa) katika IEC 61000-4-2, waraka wa kimataifa wa majaribio ya umeme tuli. Hata hivyo, cheche haihitaji kutoboa. Hufuata mshono, kingo za vitufe na vichwa vya skrubu, na kwa kilovolti 15 inaweza kutambaa juu ya plastiki kwa sentimita nzima au zaidi. Mdomo na mfereji aliousema Nikeli_na_Shaba una faida hapa pia, kwa kuwa unarefusha njia, mradi tu hukuupaka metali. Ukiupaka, unaialika cheche iingie, na hapo ni lazima uipe njia ya kwenda. Hilo ni chaguo la kufanya mapema: ama kasha linalozuia cheche isiingie, ama kasha linaloipokea na kuiongoza. Kasha lililoko katikati ya hayo mawili ndilo hujizima na kujiwasha upya kama lako.

Hata cheche isipoingia kabisa, uwanja wake unaingia, kwa sababu plastiki haiuzuii. Mkondo wa cheche ya kugusa ya kilovolti 8 hupanda hadi ampea 30 kwa nanosekunde 0.8 hivi. Kila nanohenri 1 (kipimo cha jinsi waya unavyopinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo) iliyomo kwenye njia ya mkondo huo huzalisha volti 37, na kipande cha waya cha milimita 1 kina karibu nanohenri hiyo moja. Ndiyo maana waraka huo wa IEC unataka pia cheche ipigwe kwenye bamba la metali lililo chini ya kifaa na jingine la nusu mita kwa nusu mita linalosimamishwa sentimita 10 kando yake, na vifaa vya plastiki hushindwa hapo mara nyingi kuliko wabunifu wanavyotarajia. Angalia mstari wa kuwasha upya kichakataji: usiwe mrefu, usipite ukingoni mwa bodi, na uwe na kapasita palepale kwenye pini. Nimeona bodi ambayo mstari huo ulizunguka nusu ya bodi ili kufikia kitufe ambacho hakuna aliyewahi kukibonyeza.

Kuhusu usomaji unaohama: hilo si kosa la kihisi. Kebo ya kihisi inapokea uwanja, na saketi ya kukuza ishara, ambayo haijui lolote kuhusu megahezi 150, inaugeuza kuwa volti ya moja kwa moja kupitia maungio ya transista zilizomo ndani yake. Utalithibitisha kwa urahisi, kwa kuwa uwanja wa jaribio hubadilishwa ukubwa kwa kilohezi 1 kwa asilimia 80; tazama pato la kikuzaji kwa osiloskopu na utaikuta hiyo kilohezi 1 imekaa hapo. Dawa yake ni rezista ya omu elfu moja na kapasita ya nanofaradi 1 kwenye kila waya wa ishara, mahali kebo inapoingia kwenye bodi, ikielekezwa kwenye ardhi iliyo tulivu. Kuchuja kwa programu hakutasaidia, kwa sababu kosa linakuwa limeshageuka kuwa thamani inayoaminika kabla halijafika kwenye kigeuzi cha dijitali.

Msanifu_Saketi

Ninawashukuru sana. Nimefanya vipimo vyote viwili, na matokeo yamenifanya nione aibu kidogo.

Bila kebo yoyote, kwa betri, megahezi 125 imeshuka kwa desibeli 16, yaani kifaa kiko desibeli 7 chini ya kikomo kikiwa ndani ya plastiki tupu isiyo na rangi. Nikirudisha kebo ya umeme peke yake, inapanda kwa desibeli 3. Nikirudisha ya RS-485, inarudi karibu yote. Kipimamkondo kinaonyesha kwamba kebo hiyo inabeba mara sita ya mkondo wa kebo ya umeme.

Nilipoifungua soketi yake niliona sababu. Kebo ina wavu wa kinga wa shaba, lakini fundi aliukusanya wavu huo kuwa mkia wa sentimita 6 na kuuunga kwenye pini ya ardhi. Kwenye kasha la alumini tulitumia kibano kilichoushika wavu pande zote, na kibano hicho kiliondoka pamoja na kasha bila mtu yeyote kukikumbuka. Kwa hesabu ya Mlinda_Pini ya nanohenri 1 kwa milimita, mkia huo una nanohenri 60, ambazo kwenye megahezi 125 ni omu 47. Nilikuwa na kinga iliyofungwa kwa rezista.

Sasa ninafikiria kuweka bamba la metali chini ya bodi, ndani ya kasha la plastiki, na kuzihamishia soketi zote tatu upande mmoja. Nina maswali mawili. Je, bamba hilo litaiharibu antena? Na je, ni lazima liungwe na ardhi ya jengo? Kifaa chetu hakina waya wa ardhi, na kuuongeza kungebadilisha mambo mengi ya usakinishaji.

Mpimaji_Mawimbi

Umefika mahali pazuri, na usione aibu. Mkia wa kebo umewaangusha wenye uzoefu kuliko sisi.

Bamba ni wazo sahihi, na soketi kuwa upande mmoja kuna uzito sawa na bamba lenyewe, kwa sababu kebo zinazoanzia mahali pamoja haziwezi kuwa mikono miwili ya antena. Funga wavu wa RS-485 kwenye bamba kwa kibano kile cha zamani, na uunge ardhi ya bodi na bamba kwa nguzo fupi za metali katika mstari huohuo wa soketi. Vichujio vya umeme na vya kihisi navyo viishie hapo. Sehemu iliyobaki ya bodi haihitaji nguzo nyingi. Bodi yako ikikaa milimita 5 juu ya bamba, eneo lake linatoa takriban pikofaradi 28 kwa hewa tupu, na hizo kwenye megahezi 125 ni omu 45 hivi, njia ambayo kelele nyingi zitaipendelea kuliko kutoka nje kupitia kebo. Ukiongeza nguzo moja au mbili upande wa pili, pima kabla na baada, maana nguzo iliyowekwa vibaya inaweza kupitisha mkondo wa kelele chini ya saketi ya kihisi.

Kwa antena, likatize bamba kabla ya kuufikia ukingo wa bodi ulio na moduli ya redio, kama vile watengenezaji wa moduli wanavyotaka shaba ya bodi yenyewe iondolewe chini ya antena, na uiweke antena upande ulio kinyume na soketi. Bamba linalopita chini ya antena huihamisha masafa yake na kuyazuia mawimbi inayorusha, na hapo utakuwa umeirudisha alumini kwa mlango wa nyuma. Rangi ya nikeli unaweza kuiondoa kabisa katika jaribio lijalo. Ukiwa desibeli 7 chini ya kikomo bila kebo, huna kazi ya kuipa.

Ardhi ya jengo haihitajiki kwa jambo hili. Waya wa ardhi wa mita 2 una mikrohenri 2 hivi, ambazo kwa megahezi 125 ni zaidi ya omu 1,500, na kwa kweli urefu huo uko karibu na wimbi zima, kwa hivyo waya huo ungekuwa kebo ya nne ya kurusha mawimbi. Mkondo wa kelele hautafuti udongo. Unatafuta kurudi kwenye saketi ulikotoka, na bamba liko milimita 5 kutoka hapo. Cheche ya umeme tuli nayo italitumia bamba hilohilo kama mahali pa kumwagia chaji, ila bamba lisiloungwa na kitu hubaki na chaji baada ya kila cheche, kwa hiyo mwambie mpimaji wa maabara aliondolee chaji kati ya pigo moja na jingine, kwa kutumia waya wenye rezista mbili za omu laki nne na sabini elfu kila moja. Asipofanya hivyo, cheche ya kumi itakuwa na tabia tofauti na ya kwanza, na utakesha ukitafuta kosa ambalo halimo kwenye bodi.